Siku Mkia Juu na Pembe Chini Walipolingana

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hapana. Hiyo ni sauti ya watu wenye mihogo mdomoni. Mezeni kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Hapo zamani za kale, kale ile ambayo ngiri alikuwa hajajua kugaagaa, na nyati alikuwa ananukia vizuri tu kama mtu mwingine, palikuwa na nyika ikiitwa Mlalavumbi. Ukikohoa, tifu! Ukipiga chafya, tifu! Ukipiga hodi, mwenyeji anakuitikia lakini hakuoni.

Katikati ya nyika hiyo palikuwa na dimbwi. Si la maji, msije mkafurahi bure. La matope. Lakini matope yale! Meusi, mazito, baridi. Mnyama akijipaka, jua linampiga mpaka linachoka lenyewe. Kupe wanashuka mmoja mmoja, wanaaga, wanakwenda zao.

Sasa, alikuwepo Ngiri. Mama wa watoto wanne, meno nje, mkia wima. Na ngozi. Ngozi yake haikuwa na manyoya ya maana: singa tatu hapa, singa tano pale, kama ndevu za kijana anayejaribu. Jua likiwaka, wengine wanasikia joto. Ngiri anasikia moto. Na watoto wake walimrithi vivyo hivyo. Kila kiangazi walijikuna kwenye visiki, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka visiki vikang'aa.

"Mama, mgongo!"

"Najua, mwanangu."

"Mama, unawasha!"

"Najua, mwanangu."

Ngiri hakutaka mali, hakutaka sifa. Alitaka dimbwi lile, awapake wanawe pole pole kwa kwato, kama bibi harusi anavyopakwa liwa, walale usingizi.

Lakini na Nyati naye alilitaka. Nyati ni mkubwa, na mtu mkubwa akijikuna, miti inaanguka. Basi kila kiangazi ni ugomvi. Nyati anasukuma, Ngiri anachoma kwa meno, matope yanarukia nje, hakuna anayefaidi. Mpaka siku moja Mzee Korongo akachoka. Korongo ndiye aliyekuwa mwamuzi wa nyika nzima, kwa kuwa alijua kusimama kwa mguu mmoja akawaza.

Akasema, "Basi! Tufanye ligi ya kandanda. Kila kabila na timu yake. Atakayeongoza ligi, dimbwi ni lake kiangazi chote, na asiulizwe."

Wanyama wakapiga vigelegele. Wakaitana mkutanoni, kando ya dimbwi, watunge sheria.

Hapo pana mila moja, na nyinyi ikamateni, msiiachie. Mkutano wa Mlalavumbi hauishi kwa kura wala kwa makofi. Unaisha kwa chungu. Bibi Kanga anapika, chungu kinakaa katikati kimefunikwa, watu wanasema. Chungu kikifunuliwa, maneno hufunikwa. Aliyesema amesema. Ambaye hajasema akae na neno lake mpaka mkutano mwingine. Na haijalishi nani kafunua. Hata Simba alikuwa haongezi hata "lakini."

Basi Korongo akaanza. "Goli litakuwa kati ya vichuguu viwili." Wakakubali. "Ukishinda, pointi tatu. Sare, moja." Wakakubali. "Na mpira je?"

Wakatazamana. Macho yakazunguka, yakazunguka, yakatua kwa Kakakuona, yule mwenye magamba, ambaye haya zake unazijua: ukimtazama tu, anajiviringisha. Wakamtazama. Akajiviringisha. Bingiri!

"Huyo hapo!" akasema Kima, katibu wa ligi, ambaye mdomo wake ulikuwa unafika kabla yake. "Mviringo, mgumu, na hana kelele!"

"Amekubali?" akauliza Korongo.

"Amenyamaza. Kimya si ndiyo kukubali?"

Wakakubali. Wao ndio waliokubali, si yeye.

"Limebaki moja," akasema Korongo. "Timu mbili zikilingana pointi, tutafanyaje?"

Hapo hapo Kakakuona akajikunjua kidogo. Pua ikatokeza. "Nami nina neno," akasema. Sauti yake ndogo, kama ya mlango wa kabati.

Lakini Ngiri hakuwa anamsikia Korongo, wala hakuwa anamsikia Kakakuona. Ngiri alikuwa anakisikia chungu. Magimbi, jamani! Magimbi kwa karanga! Bwata, bwata, bwata. Pua yake ilikuwa imeshafika zamani, yeye mwenyewe alikuwa anaifuata tu.

"Kulingana?" akasema Ngiri. "Nani alingane na mimi? Sisi hatutalingana na mtu!"

Akatia meno chini ya kifuniko. Kwaa!

Chungu kimefunuliwa. Korongo akafunga mdomo. Kakakuona akarudisha pua ndani. Wakala. Na magimbi yalikuwa matamu, sitawadanganya. Ngiri alikula mpaka akaegemea kichuguu.

Ligi ikaanza. Timu ya Ngiri iliitwa Mkia Juu. Timu ya Nyati iliitwa Pembe Chini. Mkia Juu waliingia uwanjani wakiimba, nanyi itikieni:

*Mkia juu, mkia juu!*
*Vumbi chini, sisi juu!*

Pembe Chini nao wakajibu kwa sauti nzito:

*Pembe chini, pembe chini!*
*Nani atasimama njiani?*

Hakusimama mtu. Hata refa, Korongo mwenyewe, hakusimama. Timu nyingine zilikuwepo, lakini hizo tusizihesabu. Nyani walipenda kukaa juu ya goli kuliko kulifunga. Twiga walicheza vizuri sana, ila mpira walikuwa hawauoni.

Pembe Chini mchezo wao ulikuwa mmoja: wote mbele. Mpaka golikipa wao anakwenda kushambulia. Kwa hiyo walifunga mengi, wakafungwa mengi. Mkia Juu walikuwa kinyume. Golikipa wao alikuwa Ngiri mwenyewe, na Ngiri alikuwa na ujanja wake. Mbele ya goli lake alichimba shimo. Mpira unakuja, bingiri, bingiri, bingiri, tumbwi! Kakakuona shimoni. Kwa hiyo walifungwa machache. Lakini na kufunga walifunga machache, maana wachezaji wa mbele nao ni ngiri, wakifika golini kwa mwenzao wanasahau mpira, wanaanza kuchimba mizizi.

Siku moja wakati wa mapumziko, sauti ikatoka shimoni.

"Dada Ngiri. Nina neno."

"Mpira hauna neno, baba," akasema Ngiri. "Toka, kipindi cha pili kinaanza."

Akatoka. Akapigwa teke. Ligi ikaendelea, mechi hii, mechi ile, mpaka ikaisha. Korongo akasawazisha mchanga, akachora msimamo kwa mdomo wake. Wanyama wakasukumana kutazama.

"Mkia Juu," akasoma, "pointi ishirini."

*Mkia juu, mkia juu!*

"Pembe Chini," akasoma, "pointi ishirini."

Wimbo ukakatika. Korongo akabadilisha mguu. Akasoma tena, chini juu, juu chini. Ishirini na ishirini. Polepole akainua shingo yake ndefu akamtazama Ngiri. Wote wakamtazama Ngiri. Na Ngiri akayakumbuka yale magimbi, moja moja, na safari hii hayakuwa matamu.

Kiangazi kilikuwa kimeshaingia. Dimbwi linapungua, pembeni linaanza kupasuka. Watoto wako kwenye visiki. Kwaru, kwaru, kwaru.

"Mama, tumeshinda?"

"Karibu, mwanangu."

Korongo akaita mkutano pale pale kando ya dimbwi. Bibi Kanga akaweka chungu katikati. "Na safari hii," akasema Korongo, "Dada Ngiri akae kule. Kule zaidi. Meno yake yaelekee upande mwingine."

Ngiri akakaa kule, akaona aibu.

Kima akarukia katikati. "Tuangalie walipokutana wao kwa wao!"

Wakaangalia. Mechi ya kwanza, Mkia Juu moja, Pembe Chini bila. Mechi ya pili, Pembe Chini moja, Mkia Juu bila.

"Ya kwanza ndiyo nzito," akasema Ngiri.

"Kwa nini?" akauliza Nyati.

"Kwa sababu ni ya kwanza!"

"Ya pili ndiyo nzito, kwa sababu ndiyo ninayoikumbuka!"

"Tofauti ya mabao!" akapiga kelele Kima.

Korongo akachora. Pembe Chini wamefunga ishirini, wamefungwa kumi na moja. Toa. Tisa. Mkia Juu wamefunga kumi na mawili, wamefungwa matatu. Toa. Tisa.

"Lahaula!" akasema Bibi Kanga.

"Mshindi ni aliyefunga mengi," akasema Nyati. "Mpira ni kufunga!"

"Mshindi ni aliyefungwa machache," akasema Ngiri. "Nyumba ni mlango!"

"Ulichimba shimo wewe!"

"Nionyeshe sheria inayokataza shimo!"

Hakuna. Haikusemwa. Chungu kilifunuliwa.

"Nidhamu basi," akasema Korongo. "Asiye na kadi nyingi ndiye mshindi. Kadi za njano zilikuwa majani ya njano, nami niliyaweka vizuri hapa, chini ya jiwe. Pembe Chini nakumbuka wanayo ya kumkanyaga refa. Mnadhani mguu huu mwingine naukunja kwa kupenda?"

Akainua jiwe. Hakuna kitu. Wakasikia mtu anatafuna. Cha, cha, cha. Wakageuka. Nyati.

"Mimi nilidhani ni majani," akasema Nyati.

"Ni majani! Lakini ni kadi!"

"Yalikuwa makavu kidogo," akasema Nyati, akameza.

Jua likasogea. Dimbwi likapasuka tena, paa! Ngiri akalitazama. Lilikuwa limebaki kama ukumbi. Wakikawia litakuwa kama sinia, na kwenye sinia hutaoga watoto wanne.

"Kura!" akasema Ngiri. "Pigeni kura tu, nakubali, nakubali lolote!"

Wakaleta kibuyu. Ndani wakatia karanga mbili, nyekundu ya Ngiri, nyeupe ya Nyati. Kima akaambiwa afumbe macho achague moja. Kima akafumba macho. Akatia mkono. Akatulia. Akatoa mkono mtupu. Mashavu yamejaa.

"Kura iko wapi?" akauliza Korongo.

Kima akameza. "Imeshuka."

"Ipi?"

"Zote. Lakini nyekundu ilikuwa tamu zaidi, kama hilo linasaidia."

Ngiri akasema linasaidia. Nyati akasema halisaidii. Wakashikana. Vumbi, tifu! Bibi Kanga akapiga mwiko kwenye chungu, ko, ko, ko.

"Nyamazeni, wana wa watu! Kwani huku kwetu, mwaka ukitaka kujulikana kama ni wa mvua au wa njaa, huulizwa nani? Si Kakakuona? Anawekewa vitu mbele, anakwenda kwenye kimoja, mnajua. Mwulizeni yeye!"

"Naam! Kakakuona! Yuko wapi?"

Hakuna aliyejua. Tangu mechi ya mwisho hakuna aliyemwona. Wakatafuta vichakani. Wakatafuta nyuma ya vichuguu. Ghafla Ngiri akajipiga paji la uso. Akakimbia mpaka golini, mkia juu, akachungulia shimo lake.

"Dada Ngiri," ikasema sauti. "Nina neno."

Mbona Ngiri alilainika siku hiyo! "Ee kaka yangu, kipenzi changu, neno lako nalisikia, umeshindaje humo?" Akamtoa. Akampangusa magamba, gamba moja moja. Nyati naye akaja mbio, akamlamba mgongo mzima kwa ulimi wake ule kama mkeka. "Shemeji!" akasema Nyati, na hapakuwa na ushemeji wowote. Kakakuona akaloa.

Wakamweka kando ya dimbwi. Mbele yake wakaweka singa moja ya mkia wa Ngiri, na singa moja ya mkia wa Nyati. Atakayoiendea, mwenye singa hiyo ndiye mshindi. Watoto wa Ngiri wakaacha kujikuna. Siku hiyo ndiyo mara yao ya kwanza kuacha.

Kakakuona akatembea. Nyata, nyata, nyata. Akafika kwenye singa ya Ngiri. Akainusa. Ngiri akafumba macho. Nyata, nyata, nyata. Akafika kwenye singa ya Nyati. Akainusa. Nyati akaacha kupumua. Nyata, nyata, nyata. Akazipita zote mbili, akaenda kusimama ukingoni mwa dimbwi, chungu nyuma yake, akageuka.

"Nina neno," akasema. "Nimekaa nalo tangu mkutano wa kwanza. Nilitaka kuuliza, mpira atapata nini? Mkanifunikia chungu."

Akainua pua.

"Leo nawasikia mnatafuta mshindi. Mnasema, aliyefunga mengi. Mabao ya Nyati, nani aliingia golini? Mimi. Mabao ya Ngiri, nani aliingia? Mimi. Hata lile moja la Twiga, la bahati mbaya, ni mimi. Mnasema nidhamu. Nimemkanyaga nani? Mnasema aliyechimba na asiyechimba. Humo shimoni nilikaa mimi. Mechi gani sikucheza? Mzee Korongo, ipo sheria inayosema mpira hawezi kuongoza ligi?"

Korongo akasimama kwa mguu mmoja akawaza. Akabadilisha mguu, ule uliokanyagwa, akawaza kwa maumivu.

"Haipo," akasema.

"Basi dimbwi ni langu."

"Laki..." akaanza Nyati.

"Ngoja kwan..." akaanza Ngiri.

Mkia wa Kakakuona ni mrefu, na chungu kilikuwa nyuma yake. Akauzungusha. Kwaa! Kifuniko kikaruka, kikabingirika, kikalala.

Chungu kimefunuliwa.

Ngiri alibaki kinywa wazi, maneno yamejaa mpaka kwenye meno, na hata moja halitoki. Alikuwa na hoja, jamani. Alikuwa na hoja nzuri kuliko zote za siku ile. Akazimeza. Harufu ya magimbi kwa karanga ikamjia puani, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Ngiri hakusikia njaa. Alisikia kitu kingine, nyuma yake.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Machozi yakamlenga. Kuomba hawezi, maneno yamefunikwa, na aliyewafundisha wenzake kuyafunika ni yeye. Kulia hakusaidii. Basi mama huyu akafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa na ngiri. Akapiga magoti. Akakunja miguu ya mbele. Akakunja ya nyuma. Akaficha meno yake tumboni, mkia ule wa fahari akaulaza chini. Akajiviringisha. Akajisukuma mwenyewe mbele ya Kakakuona: bingiri, bingiri, bingiri. Akatulia pale miguuni pake, mpira mkubwa wenye singa chache.

Kakakuona akamtazama. Akamzunguka. Magamba yakaanza kutikisika, cheke, cheke, cheke, kumbe anacheka. Akarudi nyuma hatua kadhaa, kama alivyoona wanavyofanya. Akaja mbio. Pu!

Bingiri, bingiri, bingiri, chubwi! Ngiri matopeni!

"Baooo!" nyika nzima ikalipuka. Kelele si maneno, kelele hazikukatazwa.

Aliinuka Ngiri mweusi kwapa hadi kisigino, baridi imempenya mpaka rohoni. Kumbe kugaagaa ni kutamu kuliko kupakwa! Watoto hawakungoja kuitwa. Bingiri, chubwi! Bingiri, chubwi! Bingiri, chubwi! Bingiri, chubwi! Na Nyati? Nyati alitazama kushoto, akatazama kulia, akashusha pembe, akajikunja alivyoweza, na wachezaji wake wote wakasaidia kumsukuma. CHUBWI! Nusu ya dimbwi ikaruka juu. Refa matope, katibu matope, chungu matope.

Tangu siku hiyo, ngiri na nyati hawajipaki tena. Wanagaagaa. Ukiwaona wamelala matopeni wanabingirika, usiwacheke, wanalipa kiingilio. Na Kakakuona hajapigwa teke tena. Bado ukimtazama anajiviringisha, lakini sasa kila mtu anamwuliza kwanza, "Una neno?"

Funzo lake ni hili, wadogo na wakubwa, na hasa wewe unayejifanya umelala. Sheria ya kugawana tungeni mapema, siku mnapopendana, msingoje siku mtakapogombana. Na mnapoitunga, mwulizeni kila mtu neno lake, hata huyo mnayempiga mateke. Na mwenye njaa akae mbali na chungu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Chungu chetu ndicho kile, bado kimefunikwa. Kuna aliyebaki na neno?

Hakuna?

Haya, funueni.